Kufungua na kufunga tairi la nyuma la pikipiki nyumbani

Wadau, mimi nishakula mzinga kwa boliti moja tu, someni hii kabla hamjashika spana. Ni kwa pikipiki ndogo zenye breki ya dramu nyuma.

Kufungua: weka stendi kubwa. Fungua fimbo ya breki, kisha mkono wa chuma unaozuia sahani ya breki isizunguke. Fungua nati ya ekseli, legeza cheni, ishushe, chomoa ekseli, toa tairi. Kariri kila bushi ilikaa upande gani.

Kufunga: rudi kinyume. Alama za cheni zilingane pande zote mbili, icheze kama sentimita 2 hadi 3. Ule mkono kaza, weka spliti pini mpya. Mimi niliusahau: nilipokanyaga breki sahani ikazunguka, tairi likajifunga. Jaribu breki kabla hujapanda!

Mwenye nyongeza atupie hapo chini.