Kilio cha Malaba
Sehemu ya Nne

ILIPOISHIA: Mzee ameinua rungu amuue Tumaini, kijibwa aliyemng'ata mjukuu wake kidole. Daktari wa mifugo anaruka kutoka kwenye bodaboda…

ENDELEA

"Mzee, shusha rungu! Kama ana kichaa, kinapimwa kwenye ubongo. Ukimponda kichwa, tutapima nini?"

"Hata kupima kwa nini, Daktari? Humwoni anavyozunguka?"

Daktari alianza na binti. Kidole kikaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni, robo saa nzima. Ndipo akavaa glavu.

"Mwanangu, alianza lini kuzunguka hivi?"

"Tangu alipoanza kutembea. Wenzake wakikimbia, yeye anagonga ukuta."

"Na sasa ana umri gani?"

"Miezi mitatu."

Daktari akamgeukia babu. "Kichaa hakingoji hivyo, Mzee. Dalili zikishatokea, mbwa hufa ndani ya siku kumi."

Akapapasa kichwa cha Tumaini. Paji lilikuwa limetuna, utosi bado laini, macho yote mawili yakielekea chini na nje. Wakampakia kwenye kikapu, safari ya Busia.

Kliniki, kifaa cha ultrasaundi kiliwekwa juu ya utosi ule ule. Pasipofunga mfupa, mawimbi hupenya. Kwenye skrini vyumba vya ubongo vilionekana vimejaa maji, vyeusi, vimeusukuma ubongo pembeni.

"Amezaliwa nayo," Daktari alisema. "Maji ya ubongo yamekosa njia. Haiambukizi. Dawa zinaweza kumpunguzia, lakini kupona kabisa siwezi kuwaahidi."

Mzee akainamisha kichwa. "Basi mtoto hahitaji sindano."

"Atachomwa leo hii, Mzee. Mbwa hajachanjwa, na ugonjwa mmoja hauzuii mwingine. Mama yake yuko wapi?"

Binti alisita. "Chini ya ghala. Tangu jana hali. Mate yanamtoka, na sauti yake imebadilika."

Daktari akavua glavu taratibu. "Amemng'ata mtu?"

"Dereva wa lori, juzi usiku, kwenye foleni. Alifunga mguu kwa kitambaa tu."

Daktari akampigia kijana anayelinda malori Malaba.

"Yule dereva? Amevuka Uganda jana, Daktari. Lakini utingo wake amebaki hapa nasi… na amemfunga huyo mbwa kamba, anasema anamleta kwako sasa hivi. Kwa mikono mitupu."

ITAENDELEA WIKI IJAYO