Dari, Mabati na Upepo: Ubaridi wa Nyumba za Unguja

Mnamo mwezi wa Disemba 2009 umeme unaofika Unguja kwa waya uliotandazwa chini ya bahari mwaka 1980 ulikatika, na haukurejea ila Machi 2010. Yaliyoandikwa juu ya miezi ile yalihusu zaidi giza, mabomba yaliyokauka kwa kukosa pampu, na hasara za mahoteli. Joto lilitajwa kwa kupita tu. Hali ya kuwa miezi ile ndiyo ya kaskazi, ambayo mchana wake hupindukia nyuzi 30 na usiku wake hauteremki sana, kwani hewa imebeba mvuke wa bahari na jasho halipati pa kukaukia. Nyumba zilizozoea feni zilibaki peke yake mbele ya jua, na kila moja ikatoa siri ya aliyeijenga.

Nyumba kongwe ya mawe ilijengwa na watu wasiokuwa na msaada mwingine. Ukuta wake wa mawe ya matumbawe na chokaa hupindukia nusu mita kwa unene. Juu yake hulazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti hupangwa mawe na kushindiliwa chokaa mpaka sakafu ya paa iwe nzito kama ardhi. Jua la adhuhuri hulipiga paa hilo, lakini joto lake huchukua saa nyingi kufika chini. Chumba ni chembamba, kiasi cha mita 3 au pungufu, kwa kuwa boriti haivuki zaidi ya hapo. Ila urefu wake kwenda juu ni mkubwa, na hewa ya moto hupanda ikawaachia watu ile ya chini. (Boriti hizohizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Ghuba, na huko nako zikaamua upana wa vyumba. Mafundi wa Dubai waliongeza minara ya kunasia upepo juu ya nyumba zao. Wa Unguja na Lamu hawakuijenga, wakatosheka na kiwanja cha ndani, baraza na madirisha yanayotazamana.)

Ama paa la bapa lilikuwa na adui yake, nayo ni mvua. Masika ya Unguja si mvua ya Maskati. Chokaa ilipasuka, maji yakapenya, boriti zikaoza, na nyumba iliyotelekezwa misimu michache ikaanguka. Mabati ya migongo yalipowasili kwa wingi katika karne ya 19, wenye nyumba waliyaezeka juu ya paa la zamani bila ya kulibomoa. Nia yao ilikuwa kukimbia maji tu. Hata hivyo, pasipo kukusudia, walipata paa bora kuliko yote yaliyopata kujengwa mjini hapo: bati hupokea jua kama mwavuli, upepo hupita katika nafasi iliyo baina yake na chokaa, na joto linalosalia hukutana na ule uzito wa mawe. Sharti lake ni moja, kwamba ncha za paa ziachwe wazi. Zikizibwa, upepo hauna njia, na nafasi ile hugeuka tanuu.

Ng'ambo ya pili ya mji mambo yalikwenda kinyume. Huko nyumba zilikuwa za kiambaza na makuti, na ubaridi wake haukutokana na uzito bali na wepesi. Makuti hayahifadhi joto. Baina ya kichwa cha ukuta na paa palikuwa na uwazi, na hewa iliyopata moto ilijitokea yenyewe kwa juu. Lakini makuti huoza baada ya miaka michache, na moto ukishika nyumba moja haujali mpaka wa jirani. Bati lilikuja kama neema, wala haifai kumlaumu aliyelitamani: lilimwondolea gharama ya kuezeka kila mara na hofu ya moto. Ila liliwekwa juu ya ukuta mwembamba, bila ya ile sakafu ya chokaa ya kulizuia. Bati linalopigwa na jua humwaga joto lake chini kama kaa la moto, hata upepo ukiwapo. Mwenye uwezo aliweka dari ya mbao, na baadaye ya jipsam, akidhani amelikinga joto, kumbe amelifungia. Pasipo matundu chini ya upenu na mengine karibu na kilele, hewa ile hukaa juu ya dari hadi usiku, na dari yenyewe humtazama aliyelala kwa uso wa moto.

Hapo ndipo alipoingia pangaboi. Neno hili hudhaniwa kuwa limetokana na yule kijana wa Kihindi aliyekuwa akivuta kamba ya pepeo kubwa la darini, wakati wa ukoloni. Kamba ikaenda zake, jina likabaki kwenye mashine. Feni haiipozi hewa hata kidogo. Kazi yake ni kukausha jasho, na chini ya dari la moto husukuma moto huohuo.

Kiyoyozi ni jambo jingine, nacho kimegeuza hata elimu ya mapaa. Nchini Marekani kanuni ya mwaka 1942 ilitaka nafasi ya juu ya dari iwe na matundu yenye eneo la sehemu moja kwa kila sehemu 300 za eneo la dari. Tangu miaka ya 1990, watafiti wa Florida na majimbo mengine yenye joto na unyevu walianza kuitilia shaka: nyumba ikishapozwa kwa mashine, hewa nyevu inayoingia darini hutona maji kwenye mabomba ya baridi na kuleta ukungu. Kwa nyumba ya aina hiyo huenda kuziba kukafaa, alimradi paa lenyewe limekingwa joto. Unguja imechukua nusu ya funzo hilo. Nyumba mpya zinazibwa, madirisha ni ya vioo vya kusukuma, na bati juu halina kinga yoyote. Kiyoyozi kinapambana na jua moja kwa moja, na mwenye nyumba hununua vita hivyo kila wiki kwenye mita ya tukuza.

Waya mpya wa megawati 100 ulifika mwaka 2013, zaidi ya mara mbili ya ule wa 1980, na viyoyozi vikaongezeka. Fundi wa kuezeka akiombwa aache tundu la hewa chini ya upenu, jibu lake la kwanza huwa ni popo. Wavu wa kuwazuia huuzwa kwa mita katika maduka ya Darajani.