Selimundu
Neno selimundu, ambalo wazazi wengi wa Temeke na Kinondoni hulisikia kwanza kliniki, limeunganisha seli na mundu kwa sababu ya umbo la chembe nyekundu ya damu iliyopinda, ilhali chanzo cha ugonjwa wenyewe kimo katika jeni ya himoglobini. Ndani ya kiini cha seli zinazozaa chembe hizo, protini BCL11A, ya ukoo uitwao vidole vya zinki kwa kuwa mikunjo yake hushikiliwa na madini hayo, hujibandika kwenye DNA na kuzima himoglobini ya kijusi, ambayo huzuia chembe zisipinde. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliohusisha wagonjwa wa Hospitali ya Muhimbili, ulionyesha kuwa tofauti za kurithi katika jeni ya protini hiyo hubadili kiwango cha himoglobini hiyo.