Mtihani wa Kiingereza Unguja: Kutoka Kiungani hadi Ufukwe wa Nungwi

Kijana wa Nungwi anayetafuta kazi ya hoteli hupimwa Kiingereza mara mbili. Kwanza hupimwa skuli, katika Kidato cha Nne, akiwa na kalamu na karatasi ya maswali. Baadaye hupimwa na meneja wa hoteli, ambaye karatasi haimshughulishi sana, anataka kumsikia. Anamfahamu mgeni anayelalamika kuwa chumba hakina maji ya moto? Ataweza kumweleza mtalii kuwa Kendwa hufikika kwa miguu kwa njia ya ufukweni, lakini maji yakijaa njia hukatika? Wapo waliofaulu mtihani wa kwanza wakakwama kwa meneja. Wapo pia walioanguka Kidato cha Nne, na leo ndio wanaotegemewa mapokezi.

Pengo hilo lina historia ndefu kuliko hoteli zenyewe, na ni historia ya kisiwa kizima.

Nungwi iko ncha ya kaskazini ya Unguja, Wilaya ya Kaskazini A, na kabla ya utalii ilijulikana kwa mnara wake wa taa, kwa uvuvi na kwa mafundi wanaounda majahazi na ngalawa. Mtoto wa hapa hakui na lugha moja. Nyumbani husikia Kitumbatu. Skuli hukutana na Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja cha mjini baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928. Chuoni husoma Kiarabu cha Qur'ani. Ufukweni hujiokotea Kiitaliano, kwa kuwa Waitaliano wamekuwa wakija kwa wingi pwani za kaskazini na mashariki. Kiingereza ndiyo lugha ya kigeni iliyopewa uzito mkubwa kuliko zote katika mtihani wa serikali, na ndiyo iliyoamua maisha ya wengi.

Ila Unguja haikungoja Waingereza ili ijue kumpima mtu lugha. Karne nyingi kabla yao, chuoni palikuwa na mtihani wa matamshi mkali kuliko wowote ulioletwa baadaye. Mtoto hukaa mbele ya maalim, husoma aya zake, na maalim husikiliza herufi moja moja. Ha ya kooni hutengwa na ha nyepesi. Sad haichanganywi na sin. Panapovutwa huvutwa kwa kipimo chake, na panapofupishwa haparefushwi. Akikosea hurejeshwa papo hapo, na hapandi sura nyingine mpaka makhraji ya herufi yakae sawa. Hakuna anayehitimu kwa kuandika tu kwamba anajua kusoma. Hadi leo, mashindano ya Qur'ani ya mwezi wa Ramadhani huwa na waamuzi waliokaa na kalamu zao wakikata alama kwa kila madda iliyokosewa. Huu ni ujuzi wa kupima lugha kwa sikio, na uko katika kila kijiji cha Unguja, Nungwi ikiwamo.

Kiingereza kiliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1864 wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walihamia Unguja chini ya Askofu Tozer, wakaanzisha masomo kwa watoto waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wavulana walisomeshwa Kiungani, kusini ya mji. Edward Steere, aliyefika na Tozer, alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, na A. C. Madan akafuatia na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894. Vitabu hivyo vilitungwa kwanza kwa ajili ya Mzungu anayejifunza Kiswahili. Mwafrika aliyetaka Kiingereza ilimbidi avisome kinyumenyume. Hata hivyo Kiungani ilitoa walimu na makasisi, akiwamo Cecil Majaliwa, aliyepewa upadri mwaka 1890. Waislamu, ambao ndio karibu wote kisiwani, waliiepuka skuli hiyo wakihofia dini za watoto wao, na hofu hiyo iliendelea hata serikali ilipoanzisha skuli zake.

Idara ya Elimu iliundwa mwaka 1907, chini ya S. Rivers-Smith, ambaye baadaye alihamia Tanganyika kuongoza elimu huko. Serikali ya himaya ilitaka makarani: watu wa kuandika barua, kujaza madaftari ya forodha na kunakili kumbukumbu za mahakama. Karani anahitaji hati nzuri, tahajia sahihi na sarufi isiyoyumba. Kama hasemi kwa ufasaha, afisa wake hajali, maana kazi yake si kusema. Nadhani hapo ndipo tuliporithi tabia ya kukipima Kiingereza kwa mkono na kulisahau sikio. Haja ya ofisi ikageuka kuwa kipimo cha elimu.

Na si kwamba Uingereza kwenyewe hawakujua njia nyingine. Chuo Kikuu cha Cambridge kilikuwa kikitoa mitihani ya skuli tangu 1858, na kufikia miaka ya 1860 ilishavuka bahari hadi Trinidad. Mwaka 1913 Cambridge ilianzisha mtihani maalumu kwa wageni wanaojifunza Kiingereza. Mtihani ule ulikuwa na tafsiri, sarufi, insha na fasihi, lakini ulikuwa pia na imla, kusoma kwa sauti, mazungumzo, na karatasi nzima ya fonetiki. Waliojitokeza walikuwa watu 3, na hakuna aliyefaulu. Karatasi ya fonetiki iliondolewa mwaka 1932, lakini kuzungumza kulibaki. Kwa hiyo mgeni wa Ulaya aliyetaka cheti cha Kiingereza alipimwa mdomo. Mtoto wa koloni alipewa zaidi ile mitihani ya skuli, na uzito wake ulikuwa kwenye maandishi.

Unguja ilipopata sekondari ya serikali katika miaka ya 1930, lengo lilikuwa cheti cha mitihani hiyo ya skuli ya Cambridge. Skuli iliyokuja kuitwa King George VI, ambayo leo ni Lumumba, ilifundisha wanafunzi wachache mno, lakini iliwafundisha vizuri: walimu waliosomea kazi yao, vitabu, na miaka ya kutosha katika Kiingereza kabla ya mtihani. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alikipata Kiingereza chake cha mwanzo katika skuli za kisiwa hiki. Inafaa kukumbukwa kila anaposimama mtu kudai kwamba Mzanzibari hakiwezi Kiingereza. Tusisahau tu kwamba kwa kila aliyefika sekondari zama hizo, wengi waliishia njiani, na mtoto wa Nungwi alikuwa mbali na mlango ule kuliko mtoto wa mitaa ya mjini kama Vuga au Malindi.

Mwaka 1961 yalitokea mambo mawili yaliyoacha alama hadi leo. Mwezi wa Januari, wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, wakajadili namna ya kufundisha Kiingereza. Waliondoka na imani kwamba Kiingereza kianze mapema na kifundishwe kwa Kiingereza. Mwaka huohuo Mmarekani Robert Lado alichapisha kitabu cha upimaji wa lugha, akihimiza lugha igawanywe vipande na kila kipande kipimwe peke yake: sauti, msamiati, sarufi. Mtihani wa TOEFL, ulioanza kutolewa mwaka 1964, ulijengwa katika zama za fikra hiyo, kwa maswali ya kuchagua jibu. Lado aliipa matamshi nafasi kubwa. Lakini katika kusahihisha karatasi za maelfu, kilicho rahisi ndicho kilichosalia: chagua A, B, C au D, jaza nafasi iliyo wazi, geuza sentensi iwe ya kutendwa.

Unguja ilikuwa na habari zake. Mapinduzi yalikuja Januari 1964, na tarehe 23 Septemba mwaka huo Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo. Milango iliyokuwa ya wachache ikafunguliwa kwa wote. Lilikuwa jambo kubwa na la haki, na kila mjukuu wa mvuvi aliyesoma analijua. Lakini wanafunzi waliongezeka kwa kasi ambayo walimu wa Kiingereza hawakuweza kuifuata, huku sekondari ikibaki kufundishwa kwa Kiingereza na mtihani ukibaki kuwa chujio.

Kipimo kilichosema ukweli kilikuja mwaka 1984, upande wa pili wa bahari. Waingereza wawili, Clive Criper na William Dodd, walizunguka Tanzania wakiwapima wanafunzi kuanzia msingi hadi chuo kikuu. Zana yao kuu ilikuwa nyepesi: kifungu cha habari chenye maneno yaliyofutwa, mwanafunzi ayarejeshe. Asiyefuata maana ya kifungu hawezi kubahatisha. Waligundua kwamba katika Kidato cha Nne ni kiasi cha mwanafunzi 1 kati ya 10 aliyefikia kiwango ambacho mtu angetarajia masomo ya Kiingereza ndiyo yaanze. Chuo kikuu, waliosoma bila taabu hata vitabu vyepesi vya masomo yao hawakufika 1 kati ya 5. Yaani miaka minne ya fizikia, historia na bayolojia ilikuwa imekwenda kwa lugha ambayo wanafunzi tisa kati ya kumi hawakuwa tayari nayo. Na walikuwa wakifanya mitihani. Wengine walikuwa wakifaulu.

Naona matokeo yale ni kati ya vipimo muhimu kabisa vilivyopata kufanywa juu ya elimu yetu, na inauma kuona yalivyotumiwa. Wapimaji wenyewe walipendekeza Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia sekondari, na mwaka 1987 ulianza mradi wa msaada wa Uingereza ulioleta vitabu vya hadithi vya kusomwa kwa ngazi. Kusoma hadithi kuna faida, siwezi kuikana. Lakini vitabu vya hadithi havibadilishi mtihani wa taifa. Martha Qorro na Zaline Roy-Campbell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliendelea kulipigia kelele suala hilo kwa miaka, na mwaka 1997 wakatoa kitabu juu ya msukosuko wa lugha ya elimu Tanzania.

Zanzibar ilijaribu dawa yake. Kwa muda palikuwa na mwaka mzima wa matayarisho kabla ya Kidato cha Kwanza, mtoto akiogeshwa Kiingereza ili aweze kuyafuata masomo. Sera ya Elimu ya 2006 iliuondoa mwaka huo, ikaamua hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia Darasa la Tano. Uzito ule ukashushwa kwa mtoto mdogo zaidi na kwa mwalimu wa msingi, ambaye mara nyingi mwenyewe alitoka katika mtihani uleule wa kujaza nafasi.

Wakati hayo yakienda mjini, Nungwi ilikuwa inageuka. Sheria ya kulinda uwekezaji ya 1986 ilifungua milango, Kamisheni ya Utalii ikaundwa mwaka 1992, na nyumba za wageni zikaanza kushindana na magogo ya kuundia majahazi ufukweni. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 638,000. Kwa mara ya kwanza katika historia ya kisiwa, Kiingereza kikawa lugha ya kusema ili mtu ale, na hakikutakiwa tena na karani peke yake. Vijana wengi wa ufukweni, hao mnaowaita mapapasi, wamejifunza bila kitabu. Wanamfahamu Muaustralia na Mskoti, wanajua lini wacheke na lini wanyamaze. Ukiwapa karatasi ya sarufi, wengine hawatafika mbali.

Mitihani ya dunia nayo imebadilika. IELTS, iliyoanza kwa jina hilo mwaka 1989, humkalisha mtahiniwa uso kwa uso na mpimaji, na alama za kusema hugawanywa sawa katika mambo manne: mtiririko, msamiati, sarufi, matamshi. TOEFL iliongeza kusema mwaka 2005. Kwetu, katika mtihani wa Kidato cha Nne, mwanafunzi wa Kiingereza huingia chumba cha mtihani na kutoka bila kufungua mdomo.

Na matamshi hayatushindi. Mswahili wa pwani ana th na dh tayari, katika thamani na dhahabu, sauti zinazowatesa Wafaransa na Wajerumani. Shida yake iko kwengine. Huongeza irabu mwisho wa neno linalokwisha kwa konsonanti, huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho hata pasipostahili, na huisoma "ship" sawasawa na "sheep". Lakini mtoto aliyefundishwa chuoni kuvuta panapovutwa na kufupisha panapofupishwa amekwishazoezwa kusikia kuwa urefu wa irabu hubadilisha maana. Sikio analo. Hatujapata kumwambia alilete skuli.

Mtihani wa Kidato cha Nne uko mikononi mwa Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo ni jambo la Muungano, na Zanzibar peke yake haiwezi kuubadilisha. Lakini mitihani ya chini yake, pamoja na Kidato cha Pili, ni ya Baraza la Mitihani la Zanzibar, lililoundwa kwa sheria ya 2012. Hapo hapana haja ya kuingoja Bara. Baraza hilo lianze na Kidato cha Pili katika skuli chache za Kaskazini A: dakika chache kwa kila mwanafunzi, walimu wawili wanaosikiliza, alama zinazohesabiwa pamoja na za karatasi. Itagharimu fedha na itachukua siku nyingi, hilo lijulikane mapema. Walimu nao wafunzwe kusikiliza na kupima, na wanaosahihisha mashindano ya Qur'ani waulizwe wanavyofanya, maana kazi hiyo wameifanya muda mrefu kuliko Cambridge. Wazazi wa Nungwi wenye watoto Kidato cha Pili wana haki ya kuliuliza Baraza, kwenye mikutano ya kamati za skuli, ni lini mtoto wao atasikilizwa.