Kenya, maharamia na mahakama za Mombasa

UHARAMIA katika pwani ya Somalia uliifanya Mombasa kuwa mahali ambapo ahadi za kidiplomasia za Kenya zilipimwa kwa mizani ya sheria.

Mwaka 2006, mahakama ya Mombasa iliwahukumu Wasomali 10 waliokamatwa na wanamaji wa Marekani kifungo cha miaka 7 kila mmoja. Uharamia ulipozidi, Kenya ilikubaliana na Uingereza mwezi Desemba 2008, Marekani Januari 2009 na Umoja wa Ulaya Machi 2009 kuwapokea na kuwashtaki washukiwa watakaonaswa na manowari zao. Wengi walizuiliwa katika gereza la Shimo la Tewa, kaskazini mwa kisiwa.

Aprili 2010, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Bw Moses Wetang'ula, alitangaza kuwa Kenya haitapokea wengine. Serikali ilisisitiza kuwa mahakama na magereza yake yamelemewa, na kwamba mataifa mengine nayo yaubebe mzigo huo.

Hata hivyo, swali moja lilibaki: je, mahakama za Kenya zina mamlaka juu ya kosa lililotendwa katika bahari kuu? Novemba 2010, Mahakama Kuu ya Mombasa ilijibu kuwa hazina. Mahakama ya Rufaa ilibatilisha uamuzi huo Oktoba 2012, ikishikilia kwamba uharamia ni kosa ambalo taifa lolote laweza kulihukumu.

Makubaliano yaliweza kumfikisha mshukiwa Mombasa. Kumfunga kulihitaji sheria.