Usiku Mrefu wa Kura Zisizotosha

Kenya hatuna usiku wa uchaguzi. Wenzetu Uingereza hufunga vituo saa nne usiku, na kukipambazuka wanajua nani anaingia Downing Street. Usiku wetu sisi huchukua siku. Mwaka 2007 tulipiga kura Alhamisi, tarehe 27 Desemba, tukatangaziwa Jumapili jioni. Mwaka 2013 tulingoja siku 5. Mwaka 2017, siku 3. Mwaka 2022, siku 6.

Ukiwa upande wa washindi, siku hizo ni harusi iliyochelewa kuanza. Ukiwa upande wa pili, ni matanga ya mtu ambaye bado anapumua. Kila anayetoka ndani unamwangalia usoni kabla hajasema neno.

Mombasa, na hasa hapa kisiwani, tumezoea matanga. Kura za urais za 2007, 2013, Agosti 2017 na 2022 zote ziliongozwa hapa na mtu mmoja, Raila Odinga, na mara zote nne alitangazwa mwingine. Sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 90 hatujui uchaguzi wenye ladha nyingine. Watu wa bara hutuuliza, kwa utani au kwa dharau, mbona hatuchoki. Swali langu ni jingine: huko kushindwa kote kumetuachia nini? Kwa sababu ukifuatilia historia utaona kumetuachia vitu, tena vya maana, na saa hizi tuko karibu kuvitupa.

Tuanzie pale ambapo hata kura haikuwepo. Hadi Desemba 1963, bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa ikipepea Ngomeni, yaani Fort Jesus. Kwa mkataba wa 1895, ukanda wa maili 10 wa pwani ulikuwa mali ya Sultani, Waingereza wakiusimamia na kumlipa kodi kila mwaka. Uhuru ulipokaribia, baadhi ya watu wa Mji wa Kale walitaka Mwambao ujitawale au urudi kwa Zanzibar. Si wote waliotaka. Wamijikenda wengi, na vibarua wa bara waliokuwa bandarini, waliona hayo ni kurudishiwa utawala wa Sultani kwa mlango wa nyuma. Sir James Robertson alitumwa kuchunguza mwaka 1961, akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Tarehe 8 Oktoba 1963, mkataba ukatiwa saini London. Kura ya maoni haikupigwa. Wale waliotaka Mwambao hawakushindwa kwa hesabu, hawakuhesabiwa kabisa.

Mwaka huo huo, mwezi Mei, kulikuwa na kura ya kweli. Ronald Ngala, mtoto wa Kilifi, aliongoza chama cha KADU kilichotaka serikali za majimbo, ili Nairobi isiamue kila kitu. KANU ya Jomo Kenyatta ikashinda. Kufikia Novemba 1964 KADU ilikuwa imevunjwa na majimbo yakazikwa nayo. Kwa zaidi ya miaka 40, mtu wa Pwani akitamka neno "majimbo" alichukuliwa kama mchochezi.

Ruka hadi 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 60. Vijana wa Mombasa walikuwa wameanzisha chama cha IPK, na sauti ya Sheikh Khalid Balala ilikuwa ikijaza barabara za kisiwa. Serikali ikakataa kukisajili, ati ni chama cha dini. Kukawa na maandamano, risasi na vitoa machozi. Tarehe 29 Desemba, Daniel arap Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 tu. Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga waligawana karibu zote zilizobaki. Wazee wa maskani bado wanalisimulia hilo kwa uchungu: wengi walimkataa Moi, na Moi akabaki.

Halafu 2007. Kabla ya kura hiyo Raila aliahidi ugatuzi, na hapa neno hilo lilisikika kama majimbo yamefufuka na jina jipya. Tarehe 30 Desemba waandishi wa habari walitolewa ukumbini KICC, Samuel Kivuitu akasoma matokeo mbele ya kamera za KBC peke yake: Kibaki 4,584,721, Raila 4,352,993. Jua lilikuwa halijazama vizuri na Kibaki alikuwa ameshaapishwa Ikulu. Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Baadaye Kivuitu mwenyewe alisema hajui nani alishinda. Zaidi ya watu 1,100 walikufa nchini, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao.

Kilichonitisha nilipokuja kuyasoma haya ukubwani ni jinsi raia wa kawaida hakuwa na chochote cha kushika. Ulikuwa na redio yako na hasira yako, basi. Ukiambiwa umeibiwa, huna karatasi ya kuthibitisha. Ukiambiwa umeshindwa, huna karatasi vilevile. Kwenye giza hilo, kila uvumi una uzito sawa na ukweli.

Lakini tazama kilichofuata. Kutoka kwenye majivu ya 2007 ikaja katiba mpya, iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010. Ndani yake kaunti 47, na ya kwanza kwenye orodha, nambari 001, ni Mombasa. Majimbo ya Ngala hayakurudi jinsi alivyoyataka, lakini wazo lililoshindwa mwaka 1963 liliingia katika sheria miaka 47 baadaye. Katiba hiyo pia ikaunda Mahakama ya Juu ya kusikiliza kesi za urais. Mwaka 2013 mahakama hiyo ilimthibitisha Uhuru Kenyatta, aliyevuka nusu kwa uzi mwembamba wa asilimia 50.07. Pwani ikanuna. Mwaka 2017 tena akatangazwa yeye, na tarehe 1 Septemba Jaji Mkuu David Maraga na wenzake watatu, dhidi ya wawili, wakafuta uchaguzi mzima. Ilikuwa mara ya kwanza Afrika mahakama kufuta ushindi wa rais aliye madarakani. Raila alisusia marudio ya Oktoba, na sisi tukasusia naye.

Hukumu ya 2017 ilizaa kile tulichokiona 2022. Tume ya IEBC iliweka mtandaoni picha za fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya kila kituo, na vituo vilikuwa 46,229. Fomu hiyo hiyo hubandikwa mlangoni pa kituo. Mtu yeyote mwenye simu na bando angeweza kujumlisha mwenyewe.

Wiki hiyo mimi nilikuwa nimeshaacha chuo, naandika vijikazi vya kulipwa kwa M-Pesa, na nilikuwa na laptopu. Maskani kwetu Kibokoni, hilo lilinifanya mtu wa maana ghafla. Televisheni kila moja ilikuwa na jumla yake, na hazikulingana. Wazee wakahamia kwangu.

"Mwanangu, hebu fungua ya Kirinyaga."

"Ami, Kirinyaga ina mamia ya vituo."

"Basi fungua kimoja kimoja. Tuna haraka gani?"

Tukafungua. Kahawa ikazunguka, fomu zikazunguka. Tulikuwa tunatafuta ile moja iliyochorwachorwa, namba 3 iliyogeuzwa 8, kituo chenye kura nyingi kuliko watu. Tuliona mwandiko mbaya, picha zilizopinda, makosa madogo ya kujumlisha. Iliyobeba uchaguzi mzima hatukuiona. Jumatatu tarehe 15 Agosti, baada ya vurugu za Bomas, Wafula Chebukati akasoma: William Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930. Makamishna wanne walikuwa wameyakana matokeo, na kesho yake wakadai asilimia zote zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 ya ziada ni kura kama 142,000. Kijana mmoja maskani akatoa simu, akapiga hesabu. Asilimia 0.01 ya kura milioni 14.2 ni kama 1,420. Alitaka Baba ashinde kuliko sisi wote, na alituonyesha ile simu bila kusema kitu. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba walikubaliana: Ruto.

Kushindwa huku hakukufanana na kwa 2007. Kuliuma vilevile, wallahi, labda zaidi, kwa sababu hapakuwa na giza la kujifichia. Lakini hakuna aliyechinjwa kwa uvumi. Fomu zile zilikuwa urithi wa waliokufa 2008.

Sasa ije hesabu ambayo maskani hatuipendi. Ruto alimshinda Raila kwa kura 233,211, na alivuka nusu ya kura zote kwa kama 70,000 tu. Mombasa tulikuwa na watu zaidi ya 640,000 waliojiandikisha. Waliojitokeza hawakufika nusu, wakati wastani wa nchi ulikuwa karibu asilimia 65. Kwa hivyo waliobaki nyumbani hapa peke yake walizidi watu 320,000.

Tuwe wakweli: hata wangetoka wote, Mombasa peke yetu tusingemvusha. Ruto naye alipata zaidi ya kura laki moja hapa. Kama waliolala wangepiga sawa na majirani zao, Raila angeongeza makumi ya maelfu, sio laki mbili. Sababu za kubaki nyumbani zipo pia. Siku moja kabla ya kura, uchaguzi wa gavana Mombasa uliahirishwa kwa makosa ya karatasi za kura, ukafanyika tarehe 29 Agosti, na wengi wakaona safari ya Agosti 9 haina mvuto. Wengine wamechoka. Ukishindwa mara nne unajifunza kwamba kupanga foleni alfajiri hakubadilishi bei ya unga.

Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko Ruto au yeyote. Waliozuiwa 1963 hawakuwa na kura ya maoni. Wa 1992 hawakuwa na chama chao. Wa 2007 hawakuwa na fomu. Sisi tuna kaunti, tuna mahakama iliyowahi kuthubutu, tuna karatasi mlangoni pa kila kituo. Zana zimekamilika, na mwenye nyumba kaenda kulala.

Raila alifariki tarehe 15 Oktoba 2025. Uchaguzi ujao, tarehe 10 Agosti 2027, utakuwa wa kwanza kwa kizazi changu usio na yeye ndani. Wapo watakaosema sasa hatuna sababu ya kutoka. Mimi naona kinyume. Kwa miaka 20 tulifungamanisha kura yetu na mtu mmoja na kiti kimoja, kile cha Ikulu, tukisahau kwamba karatasi ni 6. Kiti cha mwakilishi wa wadi, anayeamua kama taa za kichochoro chenu zitawaka, huenda kwa kura chache mno, pengine pungufu ya watu wanaosali Ijumaa kwenye msikiti mmoja mkubwa wa Mji wa Kale. Hapo tofauti ya kushinda na kushindwa ni watu unaowajua kwa majina.

Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Ukipiga, subiri hadi wahesabu, nenda mlangoni, piga picha ile fomu. Halafu rudi maskani na namba yako mkononi, iwe ya kushinda au ya kushindwa.