Ugonjwa wa kazi uandikwe kwa jina lake

Kuli anayebeba saruji akienda zahanati na kifua, aghalabu daftarini huandikwa "kikohozi". Mbanguaji korosho aliyebabuka mikono kwa mafuta ya ganda huandikiwa "ugonjwa wa ngozi". Si uongo, ila nusu ya habari imeachwa: kazi yake. Naona hapo ndipo haki ya mfanyakazi inapopotelea.

Tofauti na ajali

Ajali ina siku, saa na mashahidi. Ugonjwa wa kazi huingia polepole kwa vumbi, kemikali, kelele au mizigo, na waweza kujitokeza baada ya mtu kuacha kazi. Shahidi wake mkubwa ni maandishi.

Sheria yasemaje

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka daktari anayeamini kuwa mgonjwa amepata kazini ugonjwa uliotajwa kwenye jedwali la sheria hiyo, amjulishe Mkurugenzi wa idara husika. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi, ya mwaka huo huo, inahesabu magonjwa ya kazi pamoja na majeraha. Lakini daktari ataripoti vipi kazi ambayo hakuiuliza?

Namna ya kuainisha

Orodha ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina mafungu manne: magonjwa kwa kisababishi chake, magonjwa kwa kiungo kilichoathirika, saratani, na mengineyo. Shirika la Afya Duniani nalo, katika toleo la 10 la uainishaji wake, limeweka alama Z57 kwa mtu aliyekabiliwa na hatari kazini, na Y96 kwa hali inayohusiana na kazi. Nafasi ya kuandika ipo.

Tuna funzo hapa hapa Mombasa. Huko Owino Uhuru, sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu iliwadhuru wakazi. Vipimo vya damu viliitaja sumu kwa jina. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya mvutano wa rufaa, Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo mwaka 2024. Lau pangeandikwa "maumivu ya tumbo" tu, kesi ingesimama kwa lipi?

Ninalopendekeza

Kila mgonjwa mtu mzima aulizwe: unafanya kazi gani, tangu lini, unashika au unavuta nini? Kazi za zamani pia ziandikwe. Ugonjwa na kisababishi viwe na nafasi mbili mbali mbali, na ielezwe kama uhusiano na kazi umethibitishwa au unashukiwa tu.

Nasi wafanyakazi, tusiseme "nafanya kibarua" tukaishia hapo. Sema: napakua saruji, nabangua korosho, nachomelea vyuma. Kisha omba nakala ya ulichoandikiwa, uiweke.